Chupa Arobaini na Mbili

Alhamisi ile Tone aliamka na wimbo mdomoni, na wimbo ukamfuata hadi kazini kama paka aliyezoea mtu. Nyumbani walimwita Tone tangu siku aliyozaliwa. Alikuwa mtoto mdogo kuliko mkate, na mama yake alisema wengine Mungu huwamiminia mvua, sisi ametudondoshea tone, na tone hili linatutosha. Kazini aliitwa Mtaalamu. Alikuwa na miaka thelathini na sita na shahada mbili, na kituo cha utafiti wa maji kilikuwa kimempa maabara yenye sinki mbili, rafu za mbao, hadubini moja nzuri, na dirisha lililotazama mto pale unapojiandaa kuingia baharini.

Sababu ya wimbo ilikuwa moja tu. Mjomba alikuwa njiani.

Baba yake alifariki Tone akiwa darasa la pili. Mjomba, kaka wa mama yake, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ndiye aliyemlea, akamsomesha na kumsahihishia madaftari. Kwa hiyo Tone alipomwambia mama yake kwamba kuna mtu, na mtu huyo anataka kuja nyumbani kwa heshima, mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Mimi Mungu nimeshamwambia. Kaka yangu mwambie wewe."

Tone akampigia simu. Mjomba aliposikia kwamba mtu mwenyewe ni mwandishi wa mabango aliyeishia darasa la saba, ambaye sasa ana miaka arobaini na ndiyo kwanza anasoma kidato cha pili katika masomo ya jioni, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Kisha akasema atakuja mwenyewe. Atakuja Alhamisi, na kabla ya kuondoka atakuwa ameacha neno moja, ndiyo au hapana. Tone alikuwa ameahidi kwa mdomo wake kwamba neno hilo atalipokea. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, na hakuwa mtu wa kuolewa huku mjomba wake amenuna. Basi alichobakiwa nacho kilikuwa sala na wimbo.

Alivaa koti lake jeupe, akalivuta sanduku la mbao ambalo Fundi, mmoja wa wasaidizi wake, alikuwa ameliacha mezani jana jioni akitoka mtoni, ambako safari hii Tone hakwenda kwa sababu ya kuandika ripoti. Ndani mlikuwa na chupa arobaini na mbili, kila moja ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi. Kwa miaka miwili Tone alikuwa akiuuliza mto swali moja, kwamba nani anaishi wapi. Kuanzia chemchemi ya mlimani hadi kwenye mikoko, ambako maji baridi na maji chumvi hupeana mikono, alichagua mahali saba. Kila msimu walichota wadudu na wanyama wadogo wa chini ya mawe na wa topeni, chupa sita kila mahali, wakawahifadhi kwenye spiriti. Maji yanaweza kung'aa yakakudanganya. Mdudu hadanganyi. Maji yakiwa mabaya, atahama au atakufa, na ukimhesabu vizuri atakuambia habari zote. Huu ulikuwa msimu wa mwisho, na Jumatatu Tone angesimama mbele ya wakuu wa kituo kuwasomea majibu ya mto.

Alichukua chupa ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Spiriti, ambayo haina rangi, ilikuwa ya samawati. Ilipendeza, kwa kweli. Ilikuwa kama kipande cha anga mtu amekifungia chupani. Akachukua ya pili, ikawa samawati. Ya tatu vilevile. Ndani ya kila chupa mlikuwa na kikaratasi kilichopaswa kuonyesha mahali, tarehe, kina na jina la aliyechukua, na kila kikaratasi kilikuwa cheupe pe.

Wimbo ukakatika.

Alikuwa amefungua chupa ya kumi na tisa Fundi alipoingia. Mtaani walimwita Fundi Herufi. Miaka kumi na minane alikuwa amepaka majina ya maduka, vinyozi na zahanati za watu, na miaka miwili iliyopita alikuja kituoni kupaka bango la langoni. Alipofika kwenye neno "ikolojia" aliteremka kwenye ngazi, akaenda kumuuliza mwanamke aliyekuwa akisuuza nyavu maana yake ni nini, kwa sababu, alisema, hapendi kuandika neno asilolijua. Mwanamke alimjibu kwa nusu saa. Kesho yake Fundi alirudi na maswali mengine matano, na bango likachukua wiki mbili badala ya siku moja. Baadaye kituo kilipotafuta msaidizi wa kwenda mtoni, yeye alikuwa ameshakaa langoni.

Leo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye ukosi. Aliuliza kama mzee ameshafika, kisha akauona uso wa Tone.

"Kuna nini, Mtaalamu?"

Tone alimwekea chupa mkononi. Fundi aliitazama, mwanzoni akitabasamu, kama mzazi anayemtafuta mwanawe kwenye picha ya darasa, kisha tabasamu likakosa pa kukaa.

"Herufi zangu ziko wapi?"

"Unazitazama," Tone alisema. "Hiyo samawati ndiyo herufi zako. Uliandika na nini, Fundi?"

Aliandika na wino. Ulikuwa wino wake mwenyewe wa mabango madogo, ambao mvua haiufuti na jua haliufifishi. Na wala hakuwa mzembe. Aliujaribu. Alikiloweka kikaratasi kwenye ndoo ya maji ya mto siku tatu, akakiloweka kwenye maji ya bahari siku nyingine tatu, na haikutoka hata nukta.

"Na kwenye spiriti?"

Bomba la sinki lilidondosha tone moja, likadondosha la pili.

"Kwenye spiriti sikujaribu," Fundi alisema.

"Lakini nilikupa penseli. Penseli haitoki kwenye spiriti hata miaka mia. Ndiyo maana tunatumia penseli."

"Ulinipa. Sikujua ni kwa sababu hiyo. Nilidhani ni kwa sababu penseli ni rahisi." Aliirudisha chupa sandukuni polepole, kana kwamba ingeweza kuumia zaidi. "Nikasema moyoni, hii ni kazi yake ya miaka miwili, na Alhamisi mjomba wake atakuja kuiona. Atakuta maandishi ya penseli kama ya mtoto wa darasa la kwanza? Nilitaka herufi zinazofanana na wewe."

Mtu akikuharibia kazi kwa uvivu, hasira inajua njia. Akikuharibia kwa mapenzi, hasira inafika mlangoni na kuuliza kama imekosea nyumba. Tone alifungua mdomo kumgombeza, kikatoka kitu kilichokuwa nusu kicheko na nusu kilio. Akainamisha kichwa juu ya sinki, akamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba maji yamemfika shingoni, na kama kuna jiwe la kukanyagia basi amwonyeshe.

Wakati huo huo mlango ukabishwa mara tatu, kwa mapigo sawasawa, kama mtu anayegonga meza kutuliza darasa.

Tone alilifunika sanduku kwa aproni haraka, akamtupia Fundi jicho lililosema funga mdomo. Mjomba akaingia, kofia mkononi, mkoba begani, na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa amestaafu mwaka wa saba sasa, lakini ile penseli haikuwa imestaafu. Fundi alimwamkia shikamoo kwa mikono miwili. Mjomba akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti kirefu cha maabara, miguu ikining'inia, na hata hivyo akaonekana yuko juu ya wote.

"Wewe ndiye wa mabango," alisema.

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Nimeliona lile la langoni. Una mkono mzuri. Mpwa wangu ananiambia vikaratasi vya chupa pia unaandika wewe. Hebu nionyeshe."

Tone alisema haraka kwamba chupa bado hazijapangwa, kwamba Mjomba apate kwanza chai. Fundi alimtazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, wenye pole ndani yake, kama wa mtu anayemwomba mwenzake ruhusa ya kupita. Kisha akaifunua aproni.

Alimweleza mzee yote, bila kurefusha na bila kujitetea: penseli aliyopewa, wino aliouchagua, ndoo, bahari, spiriti. Alisema Mtaalamu hana kosa hata moja.

Mjomba aliinua chupa, akaitikisa kidogo, akaitazama ile samawati.

"Nimefundisha miaka thelathini na minane," alisema. "Nimeambiwa daftari limeliwa na mbuzi. Nimeambiwa limeingia ndani ya jiko. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia daftari limelewa likasahau kila kitu."

Hakucheka alipolisema, lakini Tone aliyemjua aliona pembe ya mdomo ikicheza. Akapata ujasiri. Alichukua mdudu mmoja kwa kibano, akamweka chini ya hadubini, akamwambia Mjomba aangalie.

Mzee aliinama kwa adabu ya mgeni. Akakaa hivyo. Akakaa tena. Aliponyanyua kichwa alikuwa na alama ya duara kwenye jicho.

"Ana mikia mitatu," alisema. "Na pembeni ana kama manyoya, amejipamba utadhani anakwenda harusini."

Tone alimweleza kwamba yale manyoya ndiyo anayopumulia majini, kwamba huyu hukaa kwenye maji safi tu, ya baridi, yanayokimbia. Akamwonyesha mnyoo mwekundu wa pale chini ya soko, anayevumilia uchafu usiovumilika. Akamwonyesha uduvi wa mdomoni mwa mto, na kaa mdogo kama punje ya mtama. Mjomba hakutaka kuondoka kwenye hadubini. Alisema maji ya kifuu bahari ya chungu, methali hii aliifundisha miaka yote hiyo na leo ndiyo ameiona kwa macho. Kisha, kama mwalimu yeyote, akaanza kusahihisha dunia.

"Sasa mnalia nini? Wenyewe wanajitaja. Mikia mitatu, huyu wa mlimani. Mwekundu, huyu wa sokoni. Uduvi, huyu wa mikokoni. Pangeni."

Wakapanga. Mjomba alitaja, Tone akahakikisha, Fundi akasogeza. Kabla chai haijapoa kulikuwa na safu saba mezani, chupa sita kila safu, na zilikuwa zimekaa vizuri mno. Mahali pa tatu na pa nne pangeweza kubishaniwa, lakini nani angebisha? Tone aliona njia yote imefunguka mbele yake. Ripoti ingesomwa Jumatatu, kosa la Fundi lingekuwa hadithi ya kuchekesha, na Mjomba angeondoka ameridhika. Aliichomoa penseli kwenye kikombe, akavuta kikaratasi kipya, akaandika *Mahali*.

"Usiandike," Fundi alisema.

Alilisema taratibu. Tone aliinua macho.

"Wiki yangu ya kwanza hapa nilikuuliza kwa nini tunarudi pale pale kila msimu na tayari tunajua tutakuta nini. Ukaniambia hatuendi kuuambia mto, tunaenda kuusikiliza." Alizionyesha zile safu kwa kidole kirefu. "Hapa haujasema mto, Mtaalamu. Tumesema sisi. Labda msimu huu wadudu wa juu wameshuka. Labda wa chini wamepanda. Tukiandika hivi, hatutajua kamwe."

Tone alihisi aibu ikimpanda shingoni, na nyuma ya aibu, furaha isiyo na adabu. Mtu huyu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Zile safu saba zilikuwa zikimwokoa yeye, na yeye ndiye anazibomoa.

Mjomba alimgeukia. "Anasema kweli?"

"Anasema kweli, Mjomba. Na mimi nilikuwa najua."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa leso kwa muda mrefu. Akauliza kurudia kazi yote kunahitaji nini. Tone alisema kwa kawaida ni siku tatu na watu watatu. Ila wakijibana, zipo saa za kutosha kesho, Ijumaa, kama wataanza alfajiri na kufika mikokoni saa tisa maji yakiwa yamekupwa. Lakini msaidizi mwingine yuko likizo, mkewe amejifungua.

"Kwa hiyo mnapungukiwa na mtu mmoja," Mjomba alisema. "Wa kuandika vikaratasi." Aligusa nyuma ya sikio, kuhakikisha penseli bado ipo. "Nitakuja. Lakini sikilizeni, mimi ni msimamizi tu. Majini siingii."

* * *

Saa kumi na moja alfajiri waliondoka na gari la kituo, Fundi kwenye usukani, nyavu na mabeseni vikigongana nyuma. Kwenye chemchemi, kabla hawajalowesha hata kidole, Fundi alivua kofia. Tone alikuwa amezoea. Kila mara kabla ya kuingia mtoni Fundi husali, na sala yake haizidi sentensi mbili.

"Ee Mungu, umeviumba hivi vidogo na tumevipita miaka mingi bila kuviona. Leo tufumbue macho, na uturudishe wote watatu."

Mjomba alisema amina, kisha akasema kwamba sala fupi ni dalili ya mtu anayejua anachotaka.

Kazi ilikwenda. Tone alishika wavu, mdomo wake ukielekea maji yanakotoka, Fundi akasugua mawe mbele yake kwa mikono, vilivyojishikiza vikabebwa na maji hadi wavuni. Wakamimina kwenye beseni jeupe, wakachagua kwa kibano, wakaweka chupani. Mjomba, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, aliandika kwa penseli mistari minne, kwa mwandiko ambao ulikuwa umetisha vizazi viwili vya watoto.

Mahali pa pili Tone aliteleza. Si kwa hatari, maji yalikuwa ya magoti, lakini Fundi aliruka kama aliyeona mtu anazama.

"Tone, nishike."

Alimshika. Wakasimama hivyo maji yakipita baina yao, mkono wa Fundi wenye baridi juu ya kiwiko cha Tone, kwa sekunde moja zaidi ya ile iliyohitajika. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba jina lile ni la nyumbani.

"Kumbe ni Tone siku hizi," Mjomba alisema kutoka ukingoni, bila kuinua macho kwenye kikaratasi. "Mimi nilidhani ni Mtaalamu."

Mahali pa tatu Mjomba alichoka kukaa. Aliona mawe waliyoyaacha, akawaambia wanasugua kwa woga. Akakunja suruali kwanza mara mbili, halafu akaikunja hadi magotini, akaingia. Tone alimkumbusha kwamba yeye ni msimamizi tu. Mjomba alimjibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kama anataka mjadala amwandikie barua. Walipotoka alikuwa na ruba kwenye shavu la mguu, mweusi, ameshiba. Mwalimu mkuu aliyetisha vizazi viwili aligeuka kijivu. Fundi alipiga goti, akapenyeza ukucha chini ya mdomo wa ruba akambandua, akafunga kidonda kwa leso ya mfukoni mwa shati lake. Hakucheka. Alisema tu, "Pole, Mwalimu. Huyu naye amependa shule."

Mjomba ndiye aliyecheka.

Mahali pa nne palikuwa chini ya daraja, baada ya soko. Kwa miaka miwili hapakuwa na kitu pale ila minyoo myekundu. Tone alikuwa ndani ya maji akisuuza wavu, na wanaume wawili wameinama juu ya beseni ukingoni, wamempa mgongo. Upepo ulikuwa wa upande wake. Hakukusudia kusikiliza, lakini hakuziba masikio.

Mjomba alikuwa akisema kwamba hana tatizo na kazi ya mikono, baba yake mwenyewe alikuwa seremala. Kinachomnyima usingizi ni kingine.

"Mpwa wangu ana shahada mbili na anatafuta ya tatu. Wewe uko kidato cha pili. Leo ni matamu. Lakini nimewaona wanaume wengi, mwanangu. Siku moja utachoka kusimama kando ya jina lake, utaanza kulipunguza. Utampunguza kidogo kidogo mpaka akutoshe."

Tone aliuacha wavu uelee. Maji yakavuta, mpini ukamgonga goti, hakuhisi.

Fundi alimtoa mnyoo kwa kibano, akamweka chupani.

"Mwalimu, nimepaka majina ya watu miaka kumi na minane. Sijawahi kupaka langu. Nikimaliza bango, nilikuwa navuka barabara, nasimama upande wa pili, natazama kama jina linasomeka kutoka mbali. Likisomeka nalala vizuri. Hiyo ndiyo furaha niliyo nayo." Akaziba chupa. "Jina lake nataka lisomeke kutoka mbali sana. Masomo ya jioni nasoma ili siku likiandikwa pale juu, nilielewe."

Tone alitazama maji, maana macho yake hayakuwa yakiona kitu kingine vizuri. Ndipo akamsikia Fundi akisema kwa sauti tofauti kabisa.

"Mtaalamu, njoo. Njoo uone."

Alikuja akipasua maji. Kwenye beseni jeupe, katikati ya minyoo myekundu, kitu kidogo kilikuwa kikipunga mikia mitatu. Pembeni palikuwa na kingine. Tone alipiga magoti matopeni akahesabu, akahesabu upya. Walikuwa tisa. Tisa wenye manyoya, wa maji safi, chini ya daraja la soko.

"Wameshuka," alinong'ona. "Maji yameanza kupona. Wamerudi wenyewe."

"Na jana," Mjomba alisema polepole, "hawa niliwapanga safu ya kwanza. Nikawaita wa mlimani. Nikasema wanajitaja."

Alimtazama Fundi kwa macho ya mtu anayepitia upya karatasi aliyokwisha kuipa alama. Kisha akaichukua penseli, akaandika kikaratasi cha mahali pa nne. Tone alicheka kwa sauti huku matope yamemjaa hadi kiunoni. Fundi akacheka kwa kumwona. Mama alipiga simu wakati huo huo kuuliza kama wako salama, na Mjomba akamwambia dada yake kwamba wako salama, wako mtoni, na kwamba amepata wajukuu tisa wenye mikia.

Mikokoni walifika saa tisa kasoro. Maji yalikuwa yamekupwa, tope liko wazi, kaa wakikimbilia mashimoni kama wanafunzi waliosikia kengele. Chupa ya mwisho ilijaa maji yakiwa yameshaanza kurudi. Walipata walichokifuata, na tope likapata kiatu cha kushoto cha Mjomba, na juhudi za watu wazima watatu hazikukirudisha.

* * *

Jioni jua lilikuwa bado limekaa kwenye dirisha la maabara. Tone alikuwa ameoshea nyavu uani, na wanaume walikuwa wamebeba sanduku ndani. Aliporudi hawakuwepo. Aliwasikia langoni, Mjomba akimsomesha mtu kuhusu viatu.

Alizitoa chupa moja moja, akazipanga rafuni. Spiriti ilikuwa safi kama macho ya mtoto, na ndani ya kila chupa mwandiko wa penseli ulikuwa umesimama imara. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Mkono wake ukagusa nyingine.

Haikuwa na mdudu. Ilikuwa na spiriti na kikaratasi tu. Akaivuta mezani, akaisogeza kwenye taa ya hadubini, ingawa maandishi yalisomeka bila hadubini. Zilikuwa herufi za Fundi, zile alizokuwa amezipoteza, lakini safari hii kwa penseli.

*Mahali: popote utakapokuwa.*

*Kina: bado sijafika chini.*

*Waliochukua: mimi na wewe, ukikubali.*

Mstari wa tarehe ulikuwa umeachwa wazi. Na chini kabisa, mahali ambapo kikaratasi cha kituo hakina mstari, mkono mwingine ulikuwa umejiongezea wa kwake. Mwandiko ule Tone alikuwa ameusoma pembeni mwa madaftari yake yote tangu akiwa na miaka saba.

*Shahidi: Mjomba. Ndiyo.*

Kando ya neno lile palikuwa na alama ya vyema, kubwa, ya kutosha kuonekana kutoka nyuma ya darasa.

Tone alikaa kwenye kiti kirefu. Alifumba macho, na sala yake haikufika hata sentensi mbili. Kisha alikitoa kikaratasi kwa kibano, akakilaza juu ya karatasi ya kufyonza, akangoja kikauke, kwa sababu mtaalamu haandiki kwenye karatasi iliyolowa. Akachukua penseli. Alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, akahesabu wiki za kumtosha mama kujiandaa na wiki za kumtosha Mjomba kununua viatu, akajaza tarehe.

Alikirudisha ndani, akakaza kifuniko, akaiweka chupa ile rafuni mwishoni mwa safu ya saba, baada ya bahari. Halafu akazima taa ya hadubini na kutoka kwenda langoni, ambako wanaume wawili, mmoja na kiatu kimoja, walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara wakilitazama bango, wakijifanya hawamngoji.